Nani alipe hospitali, mgonjwa au serikali? Maneno kutoka dirisha la kasa, Lubumbashi

DirishaLaKasa

Salamu kwenu wote, wakubwa kwa wadogo. Tangu serikali yetu ya Kongo izindue mpango wa kujifungua bure kule Kinshasa, Septemba 2023, na kuanza kuusogeza mikoani hatua kwa hatua, ubishi ni ule ule kila ninapopita: ndani ya basi, mlangoni mwa kanisa, kwenye matanga. Hawa wanasema serikali ilipe kila kitu, Katiba ya 2006 imetuhakikishia haki ya afya katika kifungu cha 47. Wale wanasema watu wajifunze kujitegemea, serikali haikuzaa mtoto wa mtu. Mimi kazi yangu ni kasa, yaani dirisha la kupokea malipo ya hospitali, hapa hapa Lubumbashi, na ninayoyaona pale dirishani hayakai vizuri upande wowote.

Nianze na jambo ambalo wabishi wengi hawalijui. Pesa unayolipa hospitalini haiendi kwenye dawa tu. Tuna wauguzi ambao tangu waanze kazi hawajapokea mshahara wa serikali. Wengine wanapata prime peke yake, yaani posho ya serikali, nayo inakuja inapopenda. Wengine hawajapewa hata namba ya utumishi, kwa hiyo kwa macho ya serikali hawapo, ingawa usiku wa manane ndio walioshika taa wakati mtoto anatoka. Wote hao wanakula kutoka kwenye kasa yangu. Mwisho wa mwezi tunahesabu kilichoingia, tunatoa cha dawa, cha mafuta ya jenereta, cha maji na umeme, na kinachobaki ndicho wanagawana. Bili ya mgonjwa ndiyo mshahara wa muuguzi. Ukilishika hilo, mengine yote utayaelewa.

Utaelewa kwa nini mama anazuiwa. Amejifungua kwa upasuaji, daktari amesema anaweza kwenda nyumbani, lakini karatasi ya kutoka haipigwi muhuri mpaka kasa iseme amemaliza. Mlinzi wa geti anaitazama karatasi ile kabla hajatazama uso wa mtoto. Basi mama anabaki wodini, hatibiwi tena, anangoja tu, na mume wake anazunguka mji mzima akigonga milango ya ndugu. Watu wa nje wanasema tuna roho mbaya. Ukweli ni kwamba nikimwachia aende, nimemkata mshahara muuguzi aliyekesha naye, na muuguzi huyo naye ana watoto. Wanawake wawili maskini wamewekwa uso kwa uso, na aliyewaweka hivyo hayupo pale dirishani.

Sasa tuje kwenye wajibu wa mtu. Anayetuhubiria wajibu aje asimame nami asubuhi moja. Aone kijana anavyopewa karatasi ya vitu vya upasuaji wa mkewe: glavu, wembe, pamba, serumu, kateta, uzi wa kushonea, dawa ya ganzi. Anakimbia famasi ya nje ya geti, anarudi na nusu yake, anatumwa tena. Simu yake imebaki rehani kwa mwenye famasi. Huyo anakosa wajibu gani? Wakongomani wanalipa, na wamelipa maisha yao yote: karibu 40 kwa mia ya pesa zote zinazotumika kwa afya nchini hutoka moja kwa moja mfukoni mwa familia.

Ndiyo maana naona tunabishana pembeni ya jambo lenyewe. Kama mtu alipe au asilipe, hilo lilishajibiwa zamani, analipa. La kuuliza ni analipa lini. Anayelipa akiwa mzima analipa kidogo, kwa akili yake, na anaweza kukataa akidanganywa. Anayelipa siku mke anavuja damu atalipa bei yoyote atakayotajiwa.

Msimamo wangu ni huu. Mtu achangie kabla, akiwa mzima, yeye na jirani zake. Serikali ilipe mishahara ya watu wake wa afya, na imchangie yule asiye na kitu kabisa. Siku ya ugonjwa, pesa isiulizwe mlangoni. Kimoja kikikosekana, viwili vilivyobaki haviwezi kusimama. Karibuni.

Muuzaji_Kasumbalesa

Dada wa kasa, nakuheshimu, umeandika mambo unayoyajua. Lakini umewaonea huruma mno watu wetu, niruhusu niseme.

Mimi nimeanza na gunia moja la unga, sikupewa na mtu. Nawaona vijana wanaonifanyia kazi. Jumamosi mtu anakunywa bia ya Simba mpaka anasahau njia ya nyumbani, Jumatatu mtoto ana homa anakuja kwangu: papa, nisaidie. Halafu tazama kilio. Mtu akifa, familia inakusanya dola 500, 800, wanakodi viti na muziki, wanashona nguo za sare. Mtu huyo huyo alipokuwa kitandani walisema hawana dola 20 za kipimo. Hapo serikali imeingia wapi?

Na mambo ya bure tumeshayaona. Shule ya msingi ilifanywa bure mwaka 2019. Nia ilikuwa nzuri. Madarasa yakajaa mpaka watoto wakakaa chini, mwalimu akabaki yeye na chaki yake. Ukiondoa bei bila kuweka pesa nyingine mahali pake, umeondoa huduma yenyewe, limebaki jengo na foleni. Nina biashara upande wa Zambia, kule waliondoa malipo kwenye vituo vya afya vya vijijini mwaka 2006, na mijini wakafuata baadaye. Watu walifurahi. Lakini na wao mwishowe wameona lazima mtu aweke mkono mfukoni: tangu 2019 kuna bima ya taifa, mfanyakazi anakatwa asilimia 1 ya mshahara na mwajiri anaongeza asilimia 1. Hayo ndiyo maneno ya watu wazima.

Fundi_Katuba

Papa Muuzaji, hiyo asilimia 1 ya Zambia inakatwa kwenye mshahara. Mimi ni fundi wa kuchomelea, nipo Katuba, pembeni ya barabara. Ikatwe wapi?

Kongo tayari tuna sheria. Kanuni ya Kazi ya 2002 inamwambia mwajiri amtibu mfanyakazi, mke na watoto, muda wote wa mkataba. Ni nzuri sana kwa mwenye mkataba. Haya, hesabu barabara yako: muuza mkaa, mwenye pikipiki, mama wa mboga, mchimbaji wa mikono, kinyozi, mimi. Hakuna mwenye mkataba hapo. CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, yenyewe ni ya pensheni, ajali za kazini na posho za familia, haina tawi la kutibu malaria ya mtoto. Wenye kazi nzuri wanatibiwa na kampuni zao, wakubwa wanapanda ndege kwenda Afrika Kusini na India, na sisi tuliobaki ndio tunahubiriwa wajibu.

La pombe sikatai. Lakini hata mimi nisiyekunywa, mke wangu alipopasuliwa niliuza mashine yangu ya kuchomelea. Nikakaa bila kazi mpaka nilipopata nyingine ya kukodi. Deni la hospitali nilimaliza, la kukodi mashine bado.

MtotoWaGecamines

Watoto wangu, nimewasoma wote. Hapa Lubumbashi huwezi kujadili nani alipe hospitali bila kuitaja Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na nashangaa hamjaitaja.

Nilizaliwa katika wodi ya uzazi ya kampuni. Baba alikuwa na namba yake ya kazi, na namba ile ndiyo iliyotutibu sisi sote. Mama akimpeleka mtoto, hakuulizwa pesa, aliulizwa namba. Unga ulitoka kampuni, shule ilitoka kampuni, nyumba ilitoka kampuni. Watoto wachanga walipimwa uzito, na mama asiyefika kwenye mizani alifuatwa nyumbani. Wazee wetu walisema Gécamines njo baba, njo mama, na hawakuwa wanatia chumvi.

Msidhani ilikuwa upendo. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyokuja kuwa Gécamines, iliyoanzishwa mwaka 1906, mwanzoni ilikuwa inaleta wanaume peke yao kwa mikataba mifupi, wanakufa, wanatoroka, wanaletwa wengine. Mwishoni mwa miaka ya 1920 wazungu wakapiga hesabu wakaona ni hasara. Afadhali mtu akae na mke wake, watoto wazaliwe hapo, wakue na afya, waje wawe wafanyakazi wa kesho. Hospitali ilikuwa sehemu ya mshahara, na wazee wetu waliilipa kwa mapafu yao. Serikali ya Mobutu ilipoichukua kampuni mwaka 1967 iliukuta utaratibu huo, ikauendeleza.

Mwaka 1986 Gécamines ilitoa kama tani 476,000 za shaba. Miaka minne baadaye, Septemba 1990, mgodi wa Kamoto ukaporomoka, na kampuni nzima ikafuata: pesa zilishaibwa miaka mingi, mashine hazikutengenezwa. Baba akakaa miezi bila mshahara. Hospitali ikabaki na vitanda na manesi wa kawaida, wazuri vile vile, lakini kabati la dawa lilikuwa tupu. Mwaka 2003 wafanyakazi 10,655 wakaambiwa waondoke kwa hiari, kila mtu na kitita chake. Hiari gani kwa mtu anayedai mishahara ya miaka? Baba alipopokea pesa ile, namba ikafa siku hiyo hiyo. Alikuwa na sukari. Alilipia insulini yake kutoka kwenye kitita mpaka kitita kikaisha, naye hakukaa sana.

Kwa hiyo anayeniambia kwamba Mkongomani hawezi kutibiwa bila kutoa pesa mlangoni, namwambia nimeishi hivyo utoto wangu wote, na wodi zilikuwa safi. Lakini anayeniambia serikali, au kampuni, ibebe yote peke yake, na huyo nina neno naye. Tulitundikwa wote kwenye msumari mmoja. Msumari ulipong'oka, hatukuwa na chama, wala akiba, hatukujua hata bei ya kidonge. Hatukuwahi kufundishwa kushika sehemu yetu.

Na kitu kingine. Jirani zetu wa Kenya, hii Kenya yetu ya hapa mjini, hawakuwa na namba. Mama yangu aliwahi kumbeba mtoto wa jirani akampeleka kwa jina la mdogo wangu. Mtoto alipona. Nimekua nikijua kwamba uzima wa yule mtoto ulitegemea mama mmoja kukubali kusema uongo kwa nesi.

Fundi_Katuba

Papa, asante. Pole kwa mzee.

Ruzizi_Kwetu

Jambo kutoka Bukavu. Dada wa kasa anasema watu wachangie wakiwa wazima. Sisi huku tumejaribu, nitawaeleza yaliyotukuta.

Mituweli za afya, yaani mifuko ya kuchangiana matibabu, huku Kivu ya Kusini zimekuwepo tangu miaka ya 1990, zikisukumwa na BDOM, ofisi ya kazi za afya ya Jimbo Kuu Katoliki. Nimewahi kuwa mhamasishaji wa mituweli ya mtaa wetu. Familia inalipa mchango mara moja kwa mwaka, inapata kadi yenye majina na picha. Ukiugua unakwenda kituo kilichofanya mkataba, unatoa sehemu ndogo, mituweli inamalizia. Nimeona kwa macho yangu mama akitoka na mtoto wa upasuaji siku ile ile aliyoruhusiwa, akimpita mwenzake aliyezuiwa kitanda cha pili. Alichomzidi ni kadi tu.

Lakini ni kazi ngumu. Kwanza, wanaokimbilia kuandikwa ni wale wanaojua wataugua: mwenye mimba, mwenye presha. Kijana mwenye nguvu anasema mimi siugui. Mfuko ukijaa wagonjwa watupu unakauka kabla ya mwaka kwisha. Ndiyo maana tuliweka sharti la kuandika familia nzima, na muda wa kungoja kabla kadi haijaanza kufanya kazi. Hapo tukagombana na watu wengi. Pili, mwaka ukiisha bila ugonjwa mtu anakuja kudai: nirudishieni changu. Nilikuwa namwambia, mama, chako kilimtibu binti wa mwenzako aliyepasuliwa, na mwakani chake kitakutibu wewe. Wengine walielewa, wengine walichana kadi mbele yangu. Tatu, na hili ndilo lililotuvunja nguvu, yule maskini kabisa hakuandikwa kamwe. Mwenye kuomba chakula huwezi kumwomba mchango. Mfuko wa mtaa hauwezi kumbeba.

Ng'ambo ya mto Ruzizi, Rwanda, walianza kama sisi, kwa majaribio mwaka 1999. Tofauti ni kwamba serikali yao iliingia. Iliufanya mchango kuwa lazima kwa kila mtu, na kuanzia 2011 ikapanga viwango kwa hali ya familia: franga 2,000, 3,000 au 7,000 kwa kila kichwa kwa mwaka, na wale wa chini kabisa wanalipiwa. Mgonjwa alitoa franga 200 kituoni, na asilimia 10 hospitalini. Tangu 2015 mfuko uko chini ya shirika lao la hifadhi ya jamii. Siwapendi watawala wao kwa yale wanayotufanyia, kila mtu wa Bukavu ana kidonda chake. Lakini utaratibu wa hospitali ni utaratibu, na ule umewatibu wanakijiji.

Kwetu sheria ya mituweli ipo, ilipitishwa Februari 2017. Sheria imekaa kwenye karatasi, hakuna senti ya serikali iliyofika kwenye mfuko wetu wa mtaa.

Na wanaosema kila mtu aweke akiba yake wasikie hili. Februari 2025 mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, benki zilifungwa. Watu waliojinyima miaka wakiweka pesa za ugonjwa hawakuweza kuzigusa. Walikuwa wametimiza wajibu wao wote, na waliomba kama wengine.

Muuzaji_Kasumbalesa

Ndugu wa Bukavu, poleni sana na hayo mnayopitia. Nimekuelewa. Lakini umenipa hoja mkononi: mnasema mchango, mfuko, kamati. Nani ananihakikishia mhazini? Hapa mjini likelemba, hii michango ya kupeana kwa zamu, ngapi zimevunjika kwa sababu mshika pesa alihama usiku? Na serikali ikishika mfuko ndiyo balaa kubwa zaidi. Mtu anatoroka na likelemba ya watu kumi. Mkubwa anatoroka na ya mkoa.

Nipeni jibu la hilo, mimi nitachangia hata kesho, mimi na vijana wangu wote.

Mwana_Kigoma

Wakuu, shikamooni kwa waliotuzidi umri. Huku Tanzania tuliletewa CHF iliyoboreshwa, mfuko wa afya ya jamii, kaya ya watu sita ilikuwa inalipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Mama yangu kijijini aliandikwa. Shida tuliyoiona ni kadi kufika zahanati ikaambiwa dawa hakuna, kanunue duka la nje. Mtu akiambiwa hivyo mara mbili, mwaka wa pili halipi, na hapo mimi simlaumu. Mwaka 2023 ikapita Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Ninachotaka kusema, mchango wa mwananchi ni ahadi ya pande mbili. Wa kwetu wanatimiza upande wao, kisha kabati halina kitu.

Mwalimu_Kampemba

Sisi walimu tuna MESP, mituweli yetu, ilianzia Kinshasa mwaka 2011. Makato yanafanyika kabla mshahara haujafika mkononi. Mwanzoni nilinung'unika sana. Kisha binti yangu alilazwa, nikaonyesha kadi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikaa pembeni ya kitanda cha mgonjwa badala ya kuzunguka kutafuta pesa. Nilimshika mkono usiku kucha.

DirishaLaKasa

Mwalimu, umesema jambo ambalo mimi kutoka dirishani silioni: kwamba anayetafuta pesa hayupo kitandani. Asante.

Papa Muuzaji, nakuja kwako, na nakuja kwa heshima. La kilio ni kweli tupu. Mimi nimeona zaidi ya hapo: ndugu walioshindwa kumtoa mgonjwa kwenye mlango wa vipimo, jioni ile ile wakakusanya za jeneza. Iliniuma kuliko unavyofikiri. Lakini jiulize kilio kinakusanyaje pesa haraka vile kwa watu ambao hawana kitu. Kuna daftari. Jina linasomwa kwa sauti, na kiasi, mbele ya wote. Kila aliyetoa anajua siku yake ikifika naye atatolewa, na asiyetoa watu watamkumbuka. Hiyo ni bima, papa. Watu wetu wanaijua bima tangu babu zao, ila wanaianza mtu akishakufa. Kinachotakiwa ni daftari lile lile lifunguliwe mtu angali hai.

Na hapo ndipo jibu lako la mhazini lilipo. Kwenye kilio mhazini haibi, kwa sababu hesabu inasomwa kabla watu hawajatawanyika. Mfuko wa afya wa mtaa usomwe hivyo hivyo kila mwezi, uwanjani, na bei ya kituo iandikwe ukutani kwa maandishi makubwa. Bei moja kwa ugonjwa mmoja, dawa na kipimo ndani yake, isiwe leo hivi kesho vile. Vituo vinavyotoza hivyo vipo hapa nchini, na mtu akiingia anajua atatoka na deni gani.

Lakini, papa, daftari halitamaliza kazi, na usinipe jibu la nusu. Ndugu wa Bukavu ametueleza mfuko wa mtaa unapoishia: hauwezi kumbeba fukara, na hauwezi kumlipa muuguzi. Hayo mawili ni ya serikali, na pesa ipo. Tunakaa juu ya shaba. Nchi sasa inatoa zaidi ya tani milioni 2 kwa mwaka, zaidi ya mara nne ya ile rekodi ya Gécamines aliyoitaja mzee wetu. Sheria ya madini ya 2018 inasema mrabaha, yaani pesa ambayo kampuni inalipa kwa madini inayochimba, ugawanywe: nusu kwenda Kinshasa, asilimia 25 mkoani, asilimia 15 kwa mji au sekta ambako madini yanachimbwa, na 10 kwenye mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hapo kila kampuni inatakiwa kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa jamii zinazoizunguka. Na mwaka 2001, kule Abuja, marais wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Kwa hiyo mtu akisema serikali haina uwezo, tumwombe atuonyeshe asilimia ile 25 ya mkoa imelala wapi, na muuguzi gani amelipwa kwayo. Hilo nalo ni wajibu wa mtu binafsi: kuuliza, na kuuliza tena, na kumpigia kura anayejibu.

Nawasihi pia tusitegemee msaada wa nje kana kwamba ni serikali yetu ya pili. Misaada ya Marekani iliposimamishwa Januari 2025, tuliona ni mambo mangapi yalikuwa yanaendeshwa na pesa ya watu wasiotujua hata majina. Ni msumari mwingine, kwa maneno ya mzee.

Na kujifungua bure, naunga mkono kwa moyo wote. Nataka tu hospitali irudishiwe pesa yake kwa wakati. Ikichelewa miezi, muuguzi aliyefanya kazi bure atatafuta njia ya kumtoza mama chini ya meza, kisha watu watasema mpango ulikuwa mbaya.

Muuzaji_Kasumbalesa

La daftari kusomwa uwanjani nimelikubali. La mrabaha, nakubali tuulize. Sijakubali kwamba mlevi wangu alipiwe sawa na asiyekunywa, lakini hilo tutabishana siku nyingine. Nina vijana tisa, nitawakalisha Jumapili tuanze na daftari letu, kila mtu sehemu yake, na mimi naweka kiasi sawa na wanachoweka wao wote pamoja.

Fundi_Katuba

Papa, mkimaliza na vijana wako, barabara yetu ya Katuba ina mafundi wengi wanaotaka daftari kama hilo. Nakutumia ujumbe pembeni.

Mama_Ruashi

Nimesoma yote, mimi si mtu wa kuandika sana. Nauza mandazi Ruashi. Binti yangu ana mimba ya miezi sita, aliyempa hayupo. Mnaongea mambo ya sheria, mimi nina miezi mitatu. Nifanye nini?

DirishaLaKasa

Mama yangu, karibu, na usiseme wewe si mtu wa kuandika, swali lako ndilo la maana kuliko yote humu.

Mpeleke binti kliniki wiki hii, kama hajaanza. Wanaofika kwangu na bili kubwa ni wale ambao hawakupimwa: presha ilipanda bila mtu kujua, au mtoto amekaa vibaya wakagundua usiku wa mwisho. Ukiwa hapo, uliza kama kituo hicho kimeingizwa kwenye mpango wa kujifungua bure, na kama hakijaingizwa, ni kipi kilicho karibu nawe kimeingizwa. Usiulize getini, muulize nesi mkuu wa kituo.

Uliza bei mbili, ya kujifungua kawaida na ya upasuaji, na uulize wazi ndani yake kuna nini: glavu, dawa, kitanda? Omba waiandike kwenye daftari la kliniki. Bei iliyoandikwa ni vigumu kubadilika usiku.

Kisha kaa na wenzako wa likelemba, uwaombe zamu yako iangukie mwezi wa nane au wa tisa wa mimba. Wanawake hawakatai hilo, wote wamezaa. Pesa hiyo usiiguse hata unga ukipanda. Kama kuna mituweli Ruashi, mwandike leo, maana muda wa kungoja unahesabiwa tangu siku ya kuandikwa, na miezi mitatu inaweza kutosha au isitoshe, inategemea sharti lao.

Wakishakutajia bei, iandike hapa. Nitakuambia kama ni ya haki, na kama siyo, nitakuambia maneno ya kuwajibu.